Jina la Mbwa wa Baba

Baba alituachia nusu eka ya viazi, deni la mbolea,
safu ya miwati aliyoipanda kwa hasira mpakani,
na mbwa anayeitwa Mtalijua.

Jina halikuwa la mbwa. Lilikuwa la Mzee Chengula,
jirani, kwa ajili ya hatua tatu za ardhi.
Miaka sita, kila jioni, baba alisimama uani
akaita kwa sauti ya kupasua kuni:
Mtalijua! Mtalijuaaa!
Na Mzee Chengula naye hakuwa bubu.
Akatafuta mtoto wa mbwa, akamwita Tumeshajua.
Uwemba nzima ililala ikicheka.

Sasa ni mimi ninayeita.
Mbwa haji kwa mluzi, haji kwa "njoo",
haji hata kwa utumbo wa kuku.
Anakuja kwa tusi tu.
Nami sina ugomvi na mtu.
Nina mbwa mwenye kupe.

Nilianza na masikio. Akanguruma. Nikaacha.
Kesho yake niligusa shingo tu,
nikampa kipande cha kiazi cha kuchemsha, nikaondoka.
Keshokutwa shingo, na sikio moja.
Siku ya tisa alikileta kichwa mwenyewe
akakilaza magotini pangu
kama mzigo uliomchosha tangu msiba.

Kupe walikuwa wamejipanga humo ndani
kama punje za ulezi zilizovimba.
Ukimvuta kwa papara, mdomo unabaki kwenye nyama.
Mshike karibu na ngozi, vuta taratibu, usipinde,
mtumbukize kwenye kopo la mafuta ya taa.
Nilihesabu arobaini na mmoja. Kisha nikaacha kuhesabu.

Kuoga ni saa sita mchana, siku ukungu ukikubali.
Huku kwetu mbwa aliyelowa jioni ni mbwa wa kuzika.
Maji vuguvugu, gunia kavu, halafu jikoni akapate moto,
ambako paka wa Chengula,
ndiyo, wa Chengula,
alikwishazaa ndani ya kapu la mbegu za viazi
bila kuuliza mpaka unapita wapi.
Nilimwekea maji na dagaa. Maziwa sikumpa;
watu hudhani paka ni ndama.
Habari ng'ambo sikupeleka. Sikujua nianzeje.

Jina nalo nililing'oa kama kupe.
Wiki ya kwanza nilinong'ona mwanzo, nikapaza mwisho.
Wiki ya pili nikameza herufi mbili,
na kiazi kila alipogeuka.
Kuna siku alinitazama tu, akaenda kulala
kwenye kiraka cha majani alipokaa baba kuvuta kiko.
Siku hiyo sikumwita kabisa.
Wiki ya saba likabaki neno dogo lisilo na meno:
Jua.

Siku ya chanjo, ofisi ya kata, foleni ya kamba za katani,
bwana mifugo akauliza bila kuinua kichwa:
"Jina la mbwa?"
Kadi ya zamani ilikuwa mfukoni, mwandiko wa baba.
Nyuma yangu kulikuwa na kikohozi ninachokifahamu.
"Jua," nikasema.
"Jua lipi, dada, na ukungu wote huu?"
Watu wakacheka. Wa nyuma yangu hakucheka.
Zamu yake ilipofika alikaa kimya,
mzee wa miaka sabini ameshika kamba,
akatazama viatu vyake, ndipo akasema:
"Huyu naye andika Jua. Wa pili."

Hatujazungumza bado. Miwati iko palepale.
Jana alichungulia kapuni,
akahesabu watoto wa paka kwa kidole,
akaacha mahindi manne mlangoni.

Asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata choo hakionekani,
nasimama alipokuwa akisimama baba,
naita mara moja, bila kupaza:
Jua.

Wanakuja wawili.